Rangi ya Kucha Kwenye Shokapu

Nianze na aibu yenyewe, maana nisipoisema mie ataisema mwingine na ataitia chumvi. Niliwahi kujaza watu kwenye gereji moja ya Temeke, mchana kweupe, napiga kelele kwamba fundi kaniibia shokapu za pikapu yangu. Fundi huyohuyo nilimpelekea gari kwa mkono wangu na kumwambia kwa mdomo wangu azitoe hizo shokapu anifungie nyingine. Na hapo bado. Ili watu wanione vizuri, nilipanda juu ya kiroba. Shokapu zilikuwa ndani ya kiroba.

Haya, cheka umalize. Sasa nikueleze nilifikaje juu ya kile kiroba.

Pikapu yangu ni ya zamani, ile ya springi bapa mbele na nyuma, kiti kimoja kirefu, bodi limepigwa viraka mpaka rangi ya kwanza siikumbuki. Ndiyo inayonilisha. Shule niliiachia kidato cha pili, tukaachana kwa amani kila mtu na njia yake, kwa hiyo cheti changu ni leseni. Kwangu ni Bunju, ila siyo Bunju ya barabarani. Bunju ya ndani, ambako ukimwelekeza mgeni unamwambia, "Lami ikiisha ndio unaanza safari."

Mteja wangu mkubwa ni bi mkubwa mmoja anayepikia watu shughuli: harusi, maulidi, hitima, kumtoa mwali. Ana masufuria ambayo mtu mzima anaoga humo, ana majamvi, ana majiko, na ana mdomo. Kazi yangu kumbeba yeye na vyote hivyo. Wateja wengine ni wa kudonoadonoa, leo godoro, kesho kabati la mtu kahamishwa na mwenye nyumba. Bi mkubwa ndiye wa kila wiki. Nikimpoteza yeye, pikapu inageuka banda la kuku.

Sasa masika yale tulizama. Kuna bonde moja huko ndani, udongo mweusi unanata kama bazoka iliyotafunwa, na maji yanakaa katikati yanakuangalia. Nikamwambia bi mkubwa, "Tunapita hapa," kwa sauti ya rubani. Tukapita nusu. Pilau ikabaki kwenye tope, wageni ng'ambo wakabaki kwenye jamvi wanatazamana. Bi mkubwa akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, akaita wapita njia wamvushie masufuria kichwani. Yeye mwenyewe akavuka na beseni la kachumbari. Alipofika upande wa pili akageuka.

"Mwanangu, mie sina ugomvi na wewe," akasema, na kila mtu akajua anao. "Lakini wiki ijayo nina harusi ya mtoto wa shoga yangu, hukuhuku. Siku hiyo ukinizamisha, namba yako naifuta. Namchukua mwenye lori."

Bi mkubwa hafuti namba kwa hasira. Anafuta kwa roho safi kabisa, na ndio imeisha hiyo.

Rafiki yangu ni kinyozi, kibanda chake kiko pale kona karibu na kwangu. Nilimweleza huku ananinyoa. Akazima mashine.

"Nyanyua gari, braza. Springi ndefu, shokapu ndefu, tairi kubwa. Utapita lile bonde kama twiga."

Springi na shokapu nikazipata seti nzima, bado nzima, kwa jamaa aliyekuwa anauza gari lake vipandevipande. Nikazikagua kama nanunua ng'ombe. Tatizo likabaki fundi. Na hapa ndipo ugonjwa wangu ulipo, mie simwamini fundi. Mjini hapa gari halipelekwi gereji, linasindikizwa, kama mgonjwa. Unakaa nalo, unalala nalo jicho moja, maana ukienda kukojoa unarudi unakuta betri yako imezeeka ghafla. Kila mtu atakwambia. Mafundi wa Bunju nilikuwa nimeshagombana nao wote. Mmoja tulivunja urafiki kwa ajili ya mfuniko wa tangi la mafuta, ambao baadaye niliukuta kwenye mfuko wa suruali yangu. Sikurudi kumwambia. Ningeanzia wapi?

Ndio maana nikaamua kwenda Temeke, mbali, ambako hakuna anayenijua. Kinyozi akasema tuende wote, mmoja akitoka mwingine analinda. Halafu akanipa ujanja.

"Weka alama. Chukua rangi ya kucha ya shemeji, tia doa kwenye kila kitu chako. Wakikubadilishia unawashika mkononi."

Nikaona huyu mtu kasoma.

Siku ya siku nikaamka mapema, nikachukua kichupa cha mke wangu, nyekundu ile ya kuwaka, nikaingia uvunguni mwa gari. Nikatia doa shokapu zote. Nikatia springi. Mkono ulipozoea nikatia betri, jeki, tairi la akiba, wipa, mpaka raba ya kukanyagia miguu. Nilipotoka chini pale, pikapu ilikuwa kama inakwenda kuolewa.

Mke wangu akatokeza mlangoni. "We, rangi yangu ya kucha umeiona?"

"Rangi gani?" nikamjibu, na kidole kimoja chekundu mpaka kwenye fundo.

Akanitazama kile kidole. Mie nikawasha gari.

Fundi wa Temeke alikuwa mtu wa makamo, kipande cha mtu, anaongea kama yuko jukwaani. "Leta gari, baba, tulipatie miguu! Leo litaingia fupi litoke refu!" Kadiri alivyochangamka ndivyo nilivyozidi kubana macho. Mtu mwenye furaha vile na gari la mwenzie, kaona nini?

Halafu nikaona. Pembeni ya ukuta wa mabati kulikuwa na pikapu nyingine, ndugu wa yangu kabisa, umri uleule, umbo lilelile. Ilikuwa juu ya mawe. Haina springi, haina shokapu, imekaa kama kiwete.

"Ile ya nani?" nikauliza, najifanya sina habari.

"Yangu ile," fundi akasema. "Naitafutia miguu. Nikipata tu, nayo inaingia barabarani."

Nikamtazama kinyozi. Kinyozi akanitazama.

Tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza supu palepale gereji, macho kodo. Fundi akapiga jeki, akalikalisha gari kwenye magogo, akatoa matairi, akaingia chini akaanza kugonga. Kila alipotoa mkono nje nahesabu vidole, nione kama kuna kitu kimeshikwa. Mama wa supu akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema hapana. Akasema, "Maana huko kukaa kwako ni kwa hospitali."

Ikafika zamu ya matairi, na matairi ilibidi niyafuate mwenyewe maduka ya upande wa pili, kwa sababu ningemwachia fundi angeniletea yaliyochongwa. Si unayajua? Tairi limekwisha, mtu analichora njia upya kwa kisu cha moto, linang'aa kama jipya mpaka likutane na mvua. Nikamwambia kinyozi, "Usibanduke hapo." Akasema, "Mie mlingoti."

Dukani nikayapapasa matairi, nikayakunja, nikayanusa.

"Kaka," muuzaji akasema, "unanunua tairi au mkate?"

Nikanusa na la mwisho. Nikakodi guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, nikarudi natembea pembeni yake kwa miguu, mkono juu ya mzigo, ili mwenye guta asije akakata kona na matairi yangu.

Nafika gereji, benchi tupu. Mlingoti hayupo. Fundi naye yuko kule kwenye pikapu yake, kainama, na chini ya ile pikapu kumetandikwa boksi, kama mtu katoka kulala hapo sasa hivi. Nikatupa koti, nikaingia chini ya gari langu na tochi ya simu. Nikamulika mbele, hakuna nyekundu. Nikamulika nyuma, hakuna nyekundu. Springi hamna doa, shokapu hamna doa. Vyeusi tii, visafi, vigeni.

Sasa mtu mwenye akili angesema, visafi na vigeni ndiyo ishu iliyokuleta. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejiandaa kuibiwa tangu asubuhi, na kilichojiandaa kukiona ndicho kilichokiona.

"Mwizi!" Nikatoka chini na kelele. "Nimeibiwa! Alama zangu hazipo! Kabadilisha shokapu huyu!"

Nyundo zikasimama. Watu wakaanza kusogea, na wa nyuma walikuwa hawanioni, ndipo nikapanda juu ya kiroba kilichokuwa pale kando ya gari. "Nimezitia alama mwenyewe! Rangi nyekundu! Hizi zilizofungwa siyo zangu!"

"Siyo zako ni za nani?" fundi akauliza. Alikuwa ameduwaa kabisa, mkononi kashika futi ya kupimia. "Si umezileta mwenyewe?"

"Zangu zilikuwa na doa!"

"Za zamani?"

"Eeh! Hizohizo!"

Hapo nikasikia na sikio langu mwenyewe nilichojibu, lakini mdomo ulikuwa umeshashika mteremko. Nikaendelea, "Ziko wapi? Kaziweka kwenye hilo gofu lake pale!"

Kinyozi akatokea katikati ya watu na sahani ya chipsi mayai, mdomo umejaa. Akanitazama miguuni.

"Si hizo umezikanyaga?"

Nikatazama chini. Mdomo wa kiroba ulikuwa wazi kidogo, na pale kwenye uwazi, doa jekundu linaniangalia kama jicho.

"Kazifunga vizuri humo tuondoke nazo," kinyozi akaendelea, anatafuna. "Mie nimeona kila kitu. Nikasema kwa kuwa kamaliza kazi za hatari, acha nikale."

Sijawahi kusikia watu wanacheka vile. Mwenye guta alicheka mpaka akakaa chini. Mie nikashuka kwenye kiroba polepole, maana hata kushuka kuna aibu yake.

Fundi ndiye hakucheka. Akaweka futi kwenye kisanduku cha vifaa. Akachukua sabuni ya unga, akaenda kwenye pipa, akaanza kunawa mikono, mpaka kwenye viwiko. Fundi akinawa mikono saa za kazi, ujue kasusa. Pikapu yangu iko juu ya magogo, haina tairi hata moja, nati za yubolti, vile vyuma vinavyobana springi, zimeshikwa tu kwa mkono hazijakazwa. Na kesho yake ndiyo harusi. Alfajiri bi mkubwa atakuwa kibarazani na masufuria yake, anasubiri.

"Fundi," nikasema, "nisamehe, kaka."

"Miaka yote hapa sijaitwa mwizi," akasema, ananawa. "Tafuta mwingine asiyeiba akumalizie."

Nikawatazama mafundi wengine. Wote wakageukia kazi zao. Hakuna fundi anayeshika gari lililosusiwa na mwenzie, huo ndio utaratibu wao. Kinyozi akajaribu: "Mzee, huyu ana matatizo ya kichwa." Fundi akasema kichwa hatengenezi. Mie nimesimama pale naona namba yangu inafutwa kwenye simu ya bi mkubwa, tarakimu moja moja.

Aliyeniokoa ni mama wa supu. Alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga.

"We kaka wa rangi ya kucha. Kwenu wapi?"

"Bunju."

"Sikuulizi unapolala. Kabila lako."

"Mzaramo."

Akapiga mwiko kwenye sufuria. "Mzaramo! We fundi, si mtani wako huyu? Toka lini Mnyamwezi akamnunia Mzaramo?"

Fundi akaacha kunawa. Akanigeukia na mapovu mpaka kwenye viwiko, akanikagua juu mpaka chini.

"Mzaramo?"

"Kabisa."

"Mbona husemi mapema? Mie nimekasirika, nilidhani nimetukanwa na mtu."

Watu wakalipuka tena. Lakini niliona bega lake limeshuka, na nikajua hapa kuna mlango, nisipoingia utafungwa.

"Mtu atahangaika kukutukana wewe?" nikamjibu, "mlikuja mji huu kwa miguu na mizigo ya watu kichwani, mpaka leo mkiona kiroba mnafikiri chenu."

"Na nyie mmeuza viwanja vyote mmebaki na ngoma," akasema. "Sasa mmehamia kupaka magari rangi ya kucha. Kesho mtayasuka!"

"Haya, yamekwisha," mama wa supu akasema. "Lakini mtani katukanwa mbele za watu. Achukue kitu cha huyu."

Hiyo ndiyo mila ya utani, na siwezi kuibishia. Mtani akikukosea, unachukua kitu chake mchana kweupe na hakuna kesi. Fundi akatazama huku na huku kama mtu yuko sokoni. Akatazama jeki yangu. Akatazama betri. Mie jasho. Halafu akatabasamu taratibu, nikajua kabla hajasema.

"Nachukua kiroba."

Ndio hivyo. Vitu nilivyovilinda tangu asubuhi, nilivyovipaka doa, nilivyovipigia kelele, nikaviinua mwenyewe, shokapu za kirobani na springi zilizokuwa chini yake, mgongo unalia, nikavipeleka mpaka kwenye pikapu yake iliyokaa kiwete. Watu wanapiga makofi njia nzima. Na nilipofika akasema, "Sema kwa sauti kwamba umenipa." Nikasema kwa sauti.

"Na ile rangi," akasema. "Lete kichupa."

Akarudi chini ya gari langu. Kila nati aliyoikaza akaitia doa, nusu kwenye nati, nusu kwenye bolti. "Hii ikilegea tu, doa litakatika, utaona," akasema kutoka uvunguni. "Mtani, rangi hii ndio inatumikaga hivi." Akaweka matairi, akashusha gari chini. Kusema kweli halikushuka. Lilibaki juu, madigadi ya juu ya matairi usawa wa kifua changu. Kichupa akanirudishia kitupu.

Sasa utadhani nilitulia. Wapi! Njia nzima kurudi Bunju nasikiliza. Nikisikia *kwi* nasimama. Kichwa kinanambia, mtani anaweza kukusamehe mdomoni halafu akakulegezea nati moja ya kumbukumbu. Kinyozi alichoka, akawa anafungua mlango kabla sijasimama vizuri, anamulika. "Doa zima. Twende." Tukienda kidogo, *kwi*. "Doa zima, mwanangu, twende, hiyo ni nyonga yangu."

Alfajiri nikafika kwa bi mkubwa. Alitoka na mtandio kichwani, akalitazama gari, akainua shingo.

"Hili gari au ghorofa?"

"Shikamoo bi mkubwa. Nimelinyanyua kwa ajili yako."

"Marahaba. Kwa ajili yangu mie mwenye magoti haya? Hukuuliza?"

Kweli sikuuliza. Nilikuwa nimewafikiria wezi wote wa Temeke, magoti ya bi mkubwa sikuyafikiria. Akaletewa kreti la soda, halikutosha. Likawekwa la pili juu yake. Mpishi mwenzie akasukuma kutoka nyuma, mie nikageukia ukuta kwa heshima. Nikasikia mlango umefungwa na sauti inatoka juu: "Kreti zije nazo. Kushuka nako kuna siku yake."

Tulipofika bondeni maji yalikuwa yameongezeka. Mie nikasimama. Bi mkubwa akaniambia, "Unasimama nini?" Nikamwambia nakagua nati. Nikazunguka na tochi gurudumu moja baada ya jingine, madoa yote mazima, mekundu yanawaka. Nikapanda, nikasoma bismillahi, nikaingia. Maji yakaja usawa wa rimu. Yakapita chini yetu. Masufuria nyuma yakagongana mara moja tu, na tukawa ng'ambo, na pilau kwa wageni ilifika moto.

Bi mkubwa hakunisifu, siyo kawaida yake. Akiwa anashuka, mguu mmoja kwenye kreti, akasema, "Ijumaa nina hitima huko Kibamba. Uje na ngazi." Hapo nikajua namba yangu ipo.

Mke wangu kwenye harusi ileile alikwenda na kucha kavu. Hilo bado linalipiwa.

Baadaye kidogo kinyozi alikwenda upande wa Temeke kununua mashine, aliporudi akaja kwangu moja kwa moja, hajakaa hata kwenye kiti.

"Nimekutana na yule mtani wako barabarani," akasema. "Pikapu yake inatembea, miguu yako chini, na rangi ya kucha ya shemeji inawaka kwenye shokapu zote mpaka unaiona kwa mbali. Shukuru Mungu nimeiona mie ninayejua hadithi yake. Maana ungeiona wewe peke yako, kwa kichwa hicho ungeuliza rangi ya mkeo inafanya nini kwenye gari la mwanamume mwingine, na saa hizi tungekuwa kwenye kikao cha ndoa, na wewe umesimama juu ya kiroba."